Kutembea na Watoto Katika Nchi Kavu

(Mazungumzo haya yalitolewa na mama mmoja, mwuguzi mstaafu, mbele ya wajumbe wa vikundi vya kujisaidia vya kando ya barabara ya Magadi. Tumeyaandika jinsi yalivyosemwa, ila salamu tumezifupisha.)

 

Nawaona na nyinyi watoto mnaochungulia dirishani.  Najua mmekaa tangu asubuhi na chai imechelewa, kwa hivyo sitawaweka sana. Lakini pia sitaharakisha, maana jambo hili ninalotaka kuwaambia karibu liniulie mtoto.

Nimeombwa nizungumze juu ya kutembea na watoto. Mama katibu aliponipigia simu nilicheka. Nikamwuliza, "Kutembea? Kwani huko kwenu watu wameacha kutembea?" Akasema hapana mama, ni kutembea kwa kujifurahisha. Kuna watu wa Nairobi wanaopiga simu Ijumaa jioni wakiuliza kama atapatikana mtu wa kuwaongoza kesho yake, bwana na bibi na watoto watatu, waone nchi kwa miguu. Na kuna kikundi kimoja hapa, sikitaji kwa sababu wenyewe wamo humu ndani na watajisemea, ambacho kinataka kuifanya kazi hiyo. Wameleta ombi kwa kamati. Wanataka tangi ya maji, choo, viti vya plastiki na kibao cha kando ya barabara.

Asubuhi mzee wetu aliuliza swali ambalo watu walilicheka, lakini mimi naona ni swali la maana. Alisema, "Ni mtu gani mwenye akili atatoa pesa ili atembee juani? Wake zetu wanatembea kila siku kutafuta maji na hakuna aliyewalipa." Halafu akaongeza kwamba mtoto wa nchi kavu hafundishwi kutembea, amezaliwa akijua.

Baba, nitakujibu kwa heshima. Hilo la kwanza ni kweli kabisa. Yule mama mwenye mtungi mgongoni hatembei kwa raha, na mtu akimwambia ati kutembea ni mchezo atamshangaa. Lakini hilo la pili si kweli, na mimi ni shahidi. Mtoto aliyetaka kunifia alizaliwa hapa hapa.

Ilikuwa mwaka 2011, mwezi wa Pili, ule mwaka wa ukame mkubwa. Tulikuwa na watoto 19 wa shule ya Jumapili na watu wazima wanne. Tulitaka kuwapeleka kile kilima kilicho nyuma ya soko, wapande, waimbe, wale mandazi, warudi. Si mbali. Ukisimama hapa mlangoni unakiona. Tulipanga kuondoka saa moja asubuhi. Mandazi yakachelewa, wazazi wakachelewa, mwalimu mmoja akaenda kutafuta mpira. Tukaondoka saa tatu na nusu. Maji tulibeba jerikeni mbili za lita tano, yaani lita 10 kwa watu 23. Ebu pigeni hesabu hiyo. Haifiki nusu lita kwa mtu. Lakini tulikuwa na soda! Tulijiona tumejitayarisha.

Kwenda kulikuwa kuzuri. Watoto walikimbia, wakashindana. Ilipofika saa sita kasoro tulikuwa juu, hakuna mti wa maana, mawe yanachoma hata ukikalia leso, na jerikeni zote mbili zimelala. Tukaanza kushuka. Mjukuu wangu mwenyewe, msichana wa miaka saba, mtoto wa kelele kuliko wote, alinyamaza. Nikasema moyoni, amechoka, ni vizuri, leo atalala mapema. Hilo ndilo kosa langu, na nilikuwa nimeshakuwa mwuguzi miaka zaidi ya 20. Baada ya muda nikaona anapepesuka. Nikamwita, akanijibu "ndiyo mwalimu". Mimi ni nyanya yake! Nikamshika shingoni, ngozi ilikuwa moto kama sufuria. Akatapika, kisha magoti yakamwisha.

Nilijua la kufanya. Mtu aliyefika hapo ni lazima apozwe upesi, kwa maji mengi mwilini na kupepewa, hapo hapo alipo, kabla ya kutafuta gari. Nilijua, na maji sikuwa nayo. Tulikuwa na soda moja ya chungwa.

Aliyetuokoa ni kijana mmoja mchungaji aliyekuwa na mbuzi kwenye bonde. Alisikia watoto wanalia. Alikuja mbio na kijerikeni chake cha maji ya siku nzima, akakimwaga chote juu ya mtoto bila kuuliza. Tukalowesha shuka yake, tukamfunika na kumpepea na sahani za plastiki. Kisha kijana akambeba hadi barabarani, tukapata lori, tukafika zahanati. Mtoto alipona. Juzi juzi amemaliza Form Four. Lakini mimi yule mchungaji sikumwuliza jina lake, na sikumrudishia maji yake. Mpaka leo nikiona kijana mwenye shuka kando ya barabara namtazama uso.

Kwa hivyo sikuja hapa kuwaambia msitembee na watoto. Nimekuja kuwaambia jinsi ya kutembea nao, kwa sababu baada ya siku hiyo nilikaa miaka miwili bila kuwapeleka mahali, na hiyo nayo ilikuwa hasara.

Hasara ipi? Tazameni watoto wetu wa siku hizi. Yule anayechunga anaijua nchi. Lakini yule wa shule anapandishwa bodaboda asubuhi, anarudishwa na bodaboda jioni, na Jumamosi yuko na simu ya baba yake. Nilimwuliza mmoja wa darasa la sita, hapa hapa Oltepesi, maana ya Oltepesi ni nini. Hakujua. Ni mti, mwanangu! Ni ule mgunga wenye kichwa kipana kama mwavuli ambao unaukalia kivulini kila siku ukingoja gari. Mtoto anaishi ndani ya jina la mti na mti wenyewe haujui. Na oiti je? Ule wa miiba iliyopinda kama kucha za paka, Waswahili wanauita kikwata, unaokushika nguo na kukurudisha nyuma. Ukiutembelea mara moja hutausahau.

Halafu kuna Olorgesailie. Nani hapa amefika Olorgesailie? Inueni mikono. Mnaona? Watu kumi hivi, na wengine mnaishi karibu nayo. Wageni wanatoka ng'ambo kwa ndege kuja kuiona, nasi tunapita na matatu kwenda Magadi, hatugeuzi hata shingo.

Mahali hapo pako kilomita 65 hivi kutoka Nairobi. Bwana mmoja Mwingereza aitwaye Gregory, mtaalamu wa miamba, aliona mashoka ya mawe hapo mwaka 1919. Baadaye, katika miaka ya 1940, Louis Leakey na mkewe Mary walianza kuchimba, na mwaka 1947 pakafunguliwa kwa watu wote. Leo panatunzwa na Makumbusho ya Taifa. Mashoka hayo si mawili matatu, ni maelfu, yamelala chini pale pale yalipokutwa, na watu hupita juu yake kwa daraja la mbao ili wasiyakanyage. Wataalamu wanasema yalitengenezwa kati ya miaka milioni moja na laki mbili na miaka laki tano hivi iliyopita. Zamani hizo palikuwa na ziwa. Ile ardhi nyeupe mnayoiona kando ya barabara mkadhani ni chokaa, si chokaa. Ni masalio ya vimea vidogo sana vilivyoishi majini, vikafa, vikatuama chini miaka mingi. Watoto wanapenda sana jambo hilo. Mwambie mtoto wa nchi kavu kwamba anaposimama samaki walikuwa wakiogelea, uone macho yake.

Na nitakuongezea baba mzee jambo jingine, kwa sababu umesema hakuna mwenye akili anayetembea bure. Mwaka 2018 wataalamu wanaochimba hapo walitangaza kwamba watu waliokaa Olorgesailie zaidi ya miaka laki tatu iliyopita walikuwa na visu vya jiwe jeusi linalong'aa kama chupa. Jiwe hilo halipo hapo. Lilitoka kilomita 25 na zaidi. Kwa hivyo kuna mtu alitembea. Kama alitembea na mtoto, hawajatuambia.

(Jambo moja kabla sijasahau. Hayo mawe hayaokotwi. Hata kadogo, hata kale kalikotoka nje ya ua. Yanalindwa na sheria ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006. Mkiwa na wageni, mwenye kuweka jiwe mfukoni mwambieni kwa upole alirudishe pale pale alipolitoa.)

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe.

La kwanza ni saa. Jua letu linatoka karibu saa kumi na mbili na nusu siku zote za mwaka, tuna bahati, hatuhitaji kalenda. Safari na watoto ianze saa kumi na mbili na nusu, na ikifika saa nne muwe kivulini au mmerudi. Haidhuru kama hamjafika mlipokusudia. Mgeni wa Nairobi atakuambia atafika saa moja, na atafika saa tatu, kwa sababu aliamka, akanywa chai, akajaza mafuta, akapita Kiserian kununua nyama. Pia atakuwa amevaa sweta. Huko juu Corner Baridi jina lenyewe linakuambia, upepo unauma. Kutoka huko mpaka Olorgesailie anateremka karibu mita 1000, na kila mita 1000 unazoteremka joto linaongezeka digrii sita hivi. Watoto wake wanatoka kwenye baridi na kuingia ndani ya oveni kwa saa moja ya gari. Sasa akifika saa tatu mtafanyaje? Ndugu zangu, hapo ndipo kikundi kitakapojaribiwa. Amekuja na pesa mkononi. Mnaweza kumwambia, "Leo tutakupeleka mwendo mfupi wa nusu saa, upumzike kivulini mpaka saa kumi, halafu jioni tutembee"? Kama hamwezi kumwambia hivyo, msianze kazi hii.

La pili ni maji. Mtoto hupata joto upesi kuliko mtu mzima na jasho lake ni kidogo, na akiwa katika mchezo hajui kama ana kiu. Usimngoje aseme. Kila robo saa simameni, kila mmoja apige mafunda kadhaa, aliye na kiu na asiye na kiu. Sisi katika kikundi chetu tunahesabu hivi kwa mwendo wa saa tatu: mtu mzima lita mbili, mtoto lita moja, na juu ya hayo jerikeni moja ya lita tano ambayo hainywewi. Hiyo tunaiita jerikeni ya mtoto. Mnajua imetoka wapi. Ni ya kumwagia mtu aliyezidiwa na joto, na ikirudi nyumbani imejaa, tunamshukuru Mungu na kumwagilia miche. Wanaume hupenda kuinywa. Mnyimeni.

Maji yakifika nusu, muwe tayari mko njiani kurudi. Soda si maji. Na mwangalie mkojo wa mtoto, msione haya, ukiwa na rangi kama ya chai ya rangi hajanywa vya kutosha. Aliyechoka na kutoka jasho jingi, au anayeharisha, mtengenezeeni ya nyumbani: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Msizidishe chumvi.

Dalili nilizowaambia mzikumbuke kwa mtoto wangu: aliyekuwa na kelele akanyamaza, anapepesuka, anajibu visivyo, ngozi moto, anatapika. Mtoeni juani, mvueni nguo nzito, mwagieni maji, mpepeeni, huku mwingine anatafuta gari. Kama hajitambui msimpe cha kunywa, kitampalia.

Na mtoto mchanga wa mgongoni. Akina mama, hili tunalisahau. Mama anatembea, mwili wake unatoa joto, na kitoto kimebanwa hapo kwa leso mbili na kofia ya sufu. Kinapikwa polepole na hakiwezi kusema. Fungueni leso, mguse shingo kila mara mnaposimama, mpe ziwa. Kwa maoni yangu, wa chini ya mwaka mmoja aachwe kivulini na shangazi. Lakini nimeshapingwa katika jambo hilo, kwa hivyo nasema ni maoni yangu.

Sasa mwendo. Mtoto wa miaka minne anaweza kutembea, lakini hatembei, anasimama. Anasimama kuona siafu, anasimama kuokota kinyesi cha twiga, anakaa chini kutoa jiwe kwenye kiatu. Watu wazima wengi hukasirika hapo. Mimi nawaambia, hiyo ndiyo safari yenyewe. Kilomita mbili kwa saa, au chini ya hapo, zinatosha. Chagueni njia ya kilomita tatu au nne, yenye vivuli vinavyoonekana kimoja baada ya kingine, ili mtoto aambiwe, "Tunaenda mti ule." Kilima kinamvunja moyo. Mti anaufikia.

Na njiani kuna mengi. Asubuhi mchanga wa korongo ni kama gazeti, habari zote za usiku zimeandikwa. Huyu ni digidigi, vikwato vidogo kama vidole viwili. Huyu ni fisi. Huyu hapa ni nyoka, alivuka, ameacha mstari. Mpeni mtoto mmoja kazi ya kusoma, wengine wabishane naye. Kuna wale kwera wa nchi kavu wanaojenga viota vya nyasi vilivyotimka kama nywele za mlevi: mara nyingi huvijenga upande mmoja wa mti, wa magharibi, usiopigwa na upepo. Mtoto akijua hilo, siku ya mawingu atajua jua linatua upande gani. Kwenye ule udongo mweusi wa tambarare kuna migunga mifupi yenye vinundu vilivyotobolewa na sisimizi. Upepo ukivuma vinapiga mluzi. Msikilize, lakini msitikise, mtaumwa na sisimizi.

Miguu: msikubali patipati. Mwiba wa mgunga unapenya patipati na kutokea juu ya kidole. Akala za tairi ni nzuri kwa mwiba, viatu vya kufunika ni bora zaidi kwa sababu ya nyoka. Suruali ndefu, na kofia kwa kila kichwa, hata cha baba.

Nimesema nyoka. Wa kuogopwa zaidi njiani ni kifutu, kwa sababu wengine wakisikia vishindo hukimbia, yeye hulala tu hapo, rangi yake na majani makavu ni moja, ukamkanyaga. Kwa hivyo mtu mzima atangulie na fimbo, na mtoto asitie mkono chini ya jiwe wala ndani ya shimo la kichuguu. Akiumwa, nawaomba sana, msikate kwa wembe, msinyonye, msifunge kamba ya kukaza, na lile jiwe jeusi linalouzwa sokoni halitoi sumu. Mlazeni, asitembee, kiungo kilichoumwa kisitikiswe, pete na bangili zitolewe, apelekwe hospitali. Tangu asubuhi mjue ni gari la nani litakalowachukua, na namba yake iwe kwenye simu mbili, maana simu moja huzima.

Watu wawili wajue kazi yao: mmoja wa mbele na mmoja wa mkia. Wa mkia ndiye mkubwa, hapitwi na mtoto yeyote. Kila mtoto apewe filimbi, inauzwa bei ya peremende chache, na afundishwe kabla ya kuondoka: "Ukituona hatupo, shika mti mmoja, usiuache, piga filimbi." Mtoto wa mchungaji akipotea anafuata mbuzi. Mtoto wa Nairobi akipotea anakimbia, na anakimbia upande usiofaa.

Sasa hili la mwisho ni zito, na nataka wale wa dirishani nao wasikie.

Makorongo. Yanavutia, yana kivuli, yana mchanga laini wa kuchezea. Mmesikia habari za Hell's Gate, kule Naivasha. Ni mbuga iliyotangazwa mwaka 1984, na ni mojawapo ya mbuga chache ambamo mtu anaruhusiwa kutembea kwa miguu au kwa baiskeli, kwa hivyo makanisa na shule hupenda kuipeleka vijana. Mwezi wa Nne mwaka 2012 vijana wa kanisa moja la Nairobi walikuwa ndani ya lile korongo jembamba, maji yakaja ghafula, vijana saba wakafa. Saba. Walikuwa wameenda kushirikiana na kufurahi, kama sisi. Mwezi wa Tisa mwaka 2019 jambo hilo likatokea tena mahali pale pale, na wakafa tena saba, mmoja wao akiwa kiongozi wa wageni.

Wenzetu wa Ukambani mnaojua mito ya mchanga mnaelewa. Mvua hainyeshi ulipo. Inanyesha kule vilimani, wewe una jua, unasikia mngurumo ukadhani ni lori, na ukigeuka maji yako kifuani na yamebeba magogo. Kwa hivyo Machi mpaka Mei, na Oktoba mpaka Disemba, na siku yoyote ile ambayo kuna wingu jeusi juu ya vilima, hata liwe mbali, hakuna mtoto kuingia korongoni. Hakuna kula chakula ndani yake, hakuna kupumzika ndani yake hata kama ndimo kivuli kilimo. Kuvuka, mnavuka moja kwa moja, mkubwa akisimama juu ya ukingo anatazama upande wa juu. Na mkienda Hell's Gate, ulizeni langoni kama korongo liko wazi siku hiyo. Mkiambiwa hapana, msitafute njia ya panya.

Juu ya wanyama sitasema sana. Nyati wa Naivasha si ng'ombe. Na huko chini Shompole na Olkiramatian kuna simba na tembo, kwa hivyo msiende na watoto kwa miguu bila walinzi wa wanyama wa huko wenyewe. Kina mama wa Olkiramatian wana kituo chao, Lale'enok, kinachopokea watafiti na wageni. Kamati ingefanya vizuri kutuma watu wawili wakaulize jinsi walivyoanza, kuliko kuuliza mimi.

Na nchi ina wenyewe. Siku hizi mashamba ya jamii mengi yamegawanywa, kuna waya pale palipokuwa wazi. Njia mtakayopitisha wageni, nendeni kwanza kwa kila mwenye boma, mkakubaliane naye, na kama kuna malipo naye apate. Mkipitisha watu kumi wenye kofia nyuma ya boma la mtu bila kumwambia, siku ya tatu mtakuta njia imefungwa kwa miiba, na atakuwa na haki.

Basi ombi la wenzetu. Mimi si mjumbe wa kamati lakini nimeulizwa, nitasema. Tangi ya maji nakubali. Choo nakubali, na kianze hicho, maana mama mwenye watoto watatu atakumbuka choo kuliko mashoka ya mawe. Viti vya plastiki vinaweza kungoja. Kibao cha barabarani kingoje zaidi. Kwanza chukueni watoto wenu wenyewe, njia hiyo hiyo, mara tatu: mara moja msimu wa baridi wa mwezi wa Saba, mara moja wakati wa joto, mara moja baada ya mvua. Muone mtoto anachokea wapi, maji yanaishia wapi, kivuli cha saa nne kiko wapi. Andikeni katika daftari. Baada ya hapo ndipo mpokee mtoto wa mtu mwingine. Vijana walinung'unika niliposema hivyo wakati wa mapumziko, wakasema ni kupoteza miezi. Nimewasikia. Bado nasema hivyo.

Na safari ya kwanza nitakuwa nanyi, kama magoti yatakubali. Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, hapa mbele ya kanisa, saa kumi na mbili kamili, tuwe tumeshakunywa uji. Nitabeba jerikeni ya mtoto mimi mwenyewe. Kila mzazi alete mtoto wake na kofia yake na chupa yake. Mandazi yapikwe Ijumaa usiku. Itakapofika kumi na mbili na nusu tutaondoka, na ambaye hajafika, tutamwona tukirudi.

Mwenyekiti, nimemaliza. Maswali nitajibu tukinywa chai, kama imekuja.